Michoro ya Ukutani: Sanaa, Uharibifu na Gharama ya Jirani

Katika miji yetu ukuta haukai mtupu kwa muda mrefu. Mwenye nyumba akimaliza kupaka rangi, wiki mbili hazipiti kabla hajakuta maandishi. Pengine ni jina la kijana wa mtaani lililopulizwa kwa rangi ya kopo, herufi zimefungamana hata mpita njia hawezi kuzisoma. Pengine ni namba ya simu ya fundi wa kuzibua vyoo. Pengine ni sura ya mwanamuziki aliyefariki, imechorwa vizuri kiasi kwamba watu wanasimama kuitazama. Mwenye nyumba anakasirika, vijana wanasema ni sanaa, mjumbe anaitwa, na mara nyingine mchungaji naye anaulizwa: Kanisa linasemaje?

Swali hili tumeulizwa na washarika wengi, hasa wazazi wenye watoto wanaopenda kuchora. Kwa kawaida linakuja kama amri ya kuchagua kimoja kati ya viwili: michoro ya ukutani, ambayo vijana huiita grafiti, ni sanaa au ni uharibifu wa mali? Tunaona kwamba swali likiulizwa hivyo linatuficha jambo ambalo imani inatutaka tulitazame kwanza. Mchoro mmoja unaweza kuwa sanaa ya kweli na wakati huo huo ukawa dhuluma kwa mtu. Mwingine unaweza kuwa mbaya kwa macho na usimdhulumu yeyote. Kwa hiyo tunapendekeza swali la tatu: mchoro huu unalipiwa na nani? Kila kinachoandikwa ukutani kina gharama yake, na mara nyingi anayeandika na anayelipa si mtu mmoja.

Kipawa kitambuliwe

Tuanze kwa kuwatendea haki wachoraji. Wengi wetu tuliolelewa kanisani tumezoea kusikia kwamba anayechora ukutani ni kijana mvivu asiye na kazi. Ukimtazama akiwa kazini utaona mambo mengine. Rangi ya kupuliza haina upole wa brashi. Ukisogeza kopo karibu mno na ukuta, rangi inachuruzika. Ukilipeleka mbali mno, inatawanyika kama vumbi. Mchoraji hodari huanza kwenye daftari, akapima herufi na vivuli, kisha akaukuza mchoro ule mdogo kwenye ukuta wenye nyufa na mabonde, huku yeye mwenyewe amesimama karibu mno kuweza kuuona wote kwa pamoja. Dar es Salaam kuna kundi la wachoraji wa namna hii linalojulikana kwa jina la Wachata, jina lililotoka katika neno la mitaani "chata", yaani alama ya mtu au ya biashara. Kuiita kazi ya namna hiyo kuchorachora tu ni kusema jambo lisilo kweli.

Maandiko nayo hayadharau mkono wa fundi. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, tunasoma habari za Bezaleli, ambaye Mungu anasema amemjaza roho yake ili abuni na kutengeneza kazi za dhahabu, fedha na shaba, achonge mawe na mbao. Roho wa Mungu anatajwa hapo kwa ajili ya karakana. Kijana mwenye jicho la rangi na mkono uliotulia amepewa kitu na Mungu yule yule, hata kama bado hajui akitumie wapi.

Tena tamaa ya kuandika ukutani si ugonjwa wa kizazi hiki. Neno grafiti lenyewe limetoka katika lugha ya Kiitalia, kwenye kitenzi cha kukwaruza. Mji wa Pompeii, uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79 baada ya Kristo, umekutwa na maelfu ya maandishi ukutani: salamu, matusi, mapenzi, na maneno ya kuwaombea kura wagombea. Katika nyakati zetu, mwaka 1971, gazeti la New York Times liliandika habari za kijana mmoja aliyezunguka jiji la New York kwa kazi ya kupeleka vifurushi, na kila alikopita akaacha jina lake la utani pamoja na namba ya mtaa wake: TAKI 183. Hakuwa na ujumbe mwingine. Alisema tu kwamba yupo.

Hapo mchungaji anayejua kazi yake anapaswa kusikia jambo. Kijana asiye na kiwanja, asiyeitwa kwenye kikao chochote, asiyejulikana kwa jina hata na wazee wa usharika anaosali kila Jumapili, anaandika jina lake mahali ambapo watu hawawezi kulipita bila kuliona. Kabla ya kuuliza kwa nini ameandika ukutani, tujiulize ni wapi pengine jina lake limeandikwa.

Lakini ukuta una mwenyewe

Hayo yote ni kweli, na bado ukuta una mwenyewe. Vijana waliomfuata TAKI 183 walijaza michoro kwenye mabehewa ya treni za New York, ndani na nje. Baadhi ya kazi hizo leo zinasifiwa na wataalamu wa sanaa. Lakini abiria aliyepanda treni ile kwenda kibaruani alikuta dirisha limezibwa kwa rangi na ramani ya vituo haisomeki, na nauli yake na kodi yake ndizo zilizowalipa wafutaji. Shirika la usafiri la jiji lilipambana na michoro hiyo kwa miaka mingi, na ni mwezi Mei 1989 tu lilipotangaza kwamba treni zake sasa ni safi. Sifa zilikwenda kwa mchoraji. Malipo yalitoka kwa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani amechoka.

Hapa kwetu mlipaji yuko karibu zaidi, na tunamjua. Mfikirie mama mjane aliyejenga fremu moja ya duka kwa mkopo wa kikundi. Amepiga lipu, amepaka rangi, anasubiri mpangaji. Asubuhi anakuta ukuta wa mbele umejaa jina la mtu asiyemjua. Hata jina lile likiwa limeandikwa kwa ustadi wa ajabu, ndoo ya rangi ya kulifunika itanunuliwa na yeye. Kumwambia mama huyu kwamba anapaswa kufurahi kwa sababu amepewa sanaa bure ni kumdhihaki. Zawadi ambayo anayepewa hawezi kuikataa haiwezi kuitwa zawadi.

Vijana wengine hutuletea Maandiko. Husema kwamba Mungu mwenyewe aliwaagiza Waisraeli waandike maneno yake kwenye nyumba, na kwamba katika Danieli sura ya 5 mkono uliandika kwenye lipu ya ukuta wa ikulu bila kumwomba mfalme ruhusa. Ni vizuri wanasoma, na ni vizuri tusome pamoja nao hadi mwisho. Agizo la Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, linamtaka mtu aandike juu ya miimo ya nyumba yake mwenyewe na kwenye malango yake mwenyewe. Halimpi ruhusa kwenye mwimo wa jirani. Na habari ya Danieli inaanza mbali kidogo na ukuta. Inaanza na Belshaza akiagiza vyombo vilivyotwaliwa katika hekalu la Yerusalemu viletwe ili yeye na wageni wake wanywee divai. Mfalme alikuwa ameshika kwa dharau vitu visivyo vyake, navyo vilikuwa vya ibada ya watu aliowatawala. Ndipo maandishi yalipotokea. Habari ile inamtisha mtu anayechezea mali ya wengine; itakuwa ajabu kuitumia kumtetea.

Wengine husema kwamba wakati utasafisha yote: leo ni uharibifu, kesho ni urithi wa taifa. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Katika Ngome ya Yesu kule Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kuna michoro iliyochorwa ukutani na Wareno waliokaa humo, yenye merikebu na makanisa. Haikuchorwa na msanii wa mfalme. Inaelekea ni kazi ya watu waliokuwa mbali na kwao, siku ndefu, bahari mbele yao. Leo michoro hiyo inahifadhiwa kwa uangalifu, na ngome yote imewekwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2011. Lakini mgeni akienda leo akakwaruza jina lake juu ya merikebu zile, hakuna atakayemwambia asubiri miaka mia nne ndipo ahukumiwe. Historia inaweza kuja kuthamini tulichokifanya. Haitulipii deni tunalodaiwa na jirani aliye hai.

Kijana aliyechekwa ukutani

Mpaka hapa tumezungumza juu ya gharama ya rangi. Ipo gharama nyingine, nayo inalipwa na mtu aliyechorwa. Ushahidi wake ni mchoro ambao kila Mkristo angepaswa kuujua.

Katika kilima cha Palatino mjini Roma, kwenye jengo lililokuwa sehemu ya makao ya makaisari, mwaka 1857 uligunduliwa mchoro uliokwaruzwa kwenye lipu. Wataalamu wengi hukadiria kwamba ni wa karibu na mwaka 200. Mchoro wenyewe ni wa mkono usiojua kuchora. Mistari yake imekwenda kwa haraka. Upande mmoja yuko kijana ameinua mkono kwa ishara ya ibada. Mbele yake yuko mtu aliyetundikwa msalabani, na mtu huyo ana kichwa cha punda. Kando yao kuna maneno ya Kigiriki yanayosema kwamba Alexamenos anamwabudu mungu wake.

Tuutazame kama wahakiki, bila haraka. Kwa kipimo cha ufundi, ni kazi duni. Kwa kipimo cha historia ni hazina, maana ni mojawapo ya michoro ya zamani kabisa ya kusulubiwa iliyobaki hadi leo. Kwa kipimo cha tatu, cha gharama, kazi hii ilimlenga mtu mmoja dhaifu. Wengi wanadhani kwamba vyumba vile vilitumiwa na vijana watumishi wa nyumba ya kaisari. Kama ni hivyo, Alexamenos alikuwa akiupita ukuta ule kila siku, na wenzake waliopita naye walijua ni nani anayechekwa. Aliyekwaruza hakuweka jina lake. Aliweka la mwenzake.

Katika chumba kingine cha jengo hilo hilo kulikutwa maandishi mengine, safari hii kwa Kilatini, yanayosema tu kwamba Alexamenos ni mwaminifu. Hatujui kama aliyaandika yeye au rafiki yake. Hakuna mchoro, hakuna tusi la kurudisha. Nayo pia yaliandikwa kwenye ukuta usio wa mwandishi, na mtu mkali wa sheria atasema makosa mawili yametendwa katika jengo moja. Ni kweli. Ila hata mtu mkali wa sheria anaona kwamba maandishi haya mawili hayako katika mzani mmoja. La kwanza linampa mtu mwingine aibu aibebe. La pili ni la mtu anayekubali kubeba aibu ya jina lake mwenyewe, au ya rafiki yake.

Tunadhani mfano huu unawafaa wazazi wa leo. Mwana wako akikutwa na kopo la rangi, usimwulize tu ukuta ulikuwa wa nani. Muulize pia alimwandika nani. Shule nyingi zina kuta za vyoo zilizoandikwa majina ya wasichana na maneno ya kuwadhalilisha. Chokaa hufuta maneno yale kwa dakika kumi, lakini msichana aliyeandikwa amekwisha kulipa.

Kibera, siku za moto

Tuvuke sasa kwenda kwa jirani zetu, Kenya. Mwishoni mwa Desemba 2007, baada ya matokeo ya uchaguzi wa rais kutangazwa, nchi hiyo iliingia katika machafuko ambayo watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa ambalo watu walikuwa wamekimbilia lilichomwa moto nao wakiwa ndani, wengi wao wanawake na watoto. Tunalitaja kwa sababu hatutaki kuzungumza juu ya kuta kana kwamba ni suala la usafi wa mji peke yake.

Katika siku hizo, kwenye mtaa wa Kibera jijini Nairobi, mchoraji aitwaye Solomon Muyundo, anayejulikana zaidi kwa jina la Solo 7, alichukua rangi akaanza kuandika mahali pengi alipoweza kufika. Maneno yalikuwa machache, kwa Kiingereza chepesi na kwa herufi kubwa. Aliwataka watu watunze amani. Sehemu nyingine aliandika kwamba amani inatafutwa ikiwa hai, akiyageuza yale matangazo ya polisi ya kumsaka mhalifu akiwa hai au amekufa. Na alitia jina lake la kazi.

Mwalimu wa sanaa angeweza kumpa alama ndogo. Hakuna kivuli, hakuna mapambo, herufi ni za kawaida kabisa. Lakini upungufu huo ndio uliofaa. Mtu anayekimbia hasomi herufi zilizofungamana. Na lile neno la kwamba amani inatafutwa ikiwa hai lina akili ya mshairi: linakiri kwamba amani imetoweka kama mtoro, na linamkataza anayeitafuta asije na panga, maana akiikuta akaiua hatakuwa ameipata.

Je, huo ulikuwa uharibifu wa mali? Hata kama baadhi ya kuta hizo ziliandikwa bila mwenyewe kuombwa, tuulize swali letu. Nani alilipa? Aliyeandika alijiweka hadharani katika siku ambazo kuonekana mahali pabaya kulitosha kumgharimu mtu maisha. Hakwenda kuandika katika mtaa wa watu wengine kisha akarudi kwake. Aliandika anapoishi, ambako jirani mwenye malalamiko angeweza kumfuata. Na mwenye kibanda, badala ya kupoteza, aliwekewa ombi la kulinda kibanda chenyewe. Mzigo wote uliegemea upande wa mchoraji.

Mwaka 2012 Nairobi iliona michoro ya namna nyingine. Mpiga picha na mwanaharakati Boniface Mwangi, pamoja na wachoraji wa jiji, walichora katikati ya mji mwanasiasa kwa sura ya tumbusi, ndege mla mizoga, wakiwaonya wapiga kura kabla ya uchaguzi wa Machi 2013. Kwa ufundi, kazi hii iko juu sana kuliko ile ya Palatino, lakini zote mbili zimetumia mbinu moja ya kumvika mtu sura ya mnyama. Tofauti ni upande dhihaka inakokwenda. Kule Roma ilishuka kwa mtumishi asiye na mtetezi. Nairobi ilipanda kwa wenye mamlaka, na waliochora walijua kwamba wanaweza kukamatwa. Nabii Nathani naye alimwendea mfalme Daudi kwa mfano, na mfano ule ulimchoma.

Hata hivyo hatuwezi kuisifu michoro ile bila kusita. Nathani alisimama mbele ya Daudi, akaonana naye uso kwa uso, na alipomaliza kulikuwa na nafasi ya mfalme kukiri na kutubu. Tumbusi hana nafasi hiyo. Ni mnyama, na mnyama hatubu. Mkristo anaweza kukubaliana na hasira ya mchoro ule, na akamwambia mchoraji kwamba bado kuna picha ngumu zaidi ya kuchora: mtawala mwovu aliye bado mtu. Uhakiki wa namna hii unamheshimu msanii kuliko kumwita mhuni, na kuliko kumpigia makofi tu.

Matangazo ya Injili

Sasa tumefika mahali ambapo swali linawageukia Wakristo. Tembea katika mtaa wowote wa mji wetu ukisoma kuta. Utakuta alama ya X nyekundu juu ya nyumba iliyo katika hifadhi ya barabara, na mwenye nyumba hiyo anajua kwamba alama ile fupi itamgharimu kuliko michoro yote ya vijana wa kata nzima. Utakuta mahali pengine pameandikwa kwamba nyumba hii haiuzwi, kwa sababu matapeli wamekwisha kujaribu kuiuza. Utakuta duka zima limepakwa rangi ya kampuni ya simu. Na kila baada ya hatua chache utakuta tangazo la mkutano wa Injili.

Limebandikwa kwa gundi kwenye nguzo ya umeme, kwenye geti la mtu, kwenye ukuta wenye maandishi makubwa ya kukataza kubandika matangazo. Lina picha ya mhubiri akiwa ameshika maikrofoni, na ahadi ya uponyaji. Mkutano wenyewe ulikwisha miezi minne iliyopita. Mvua imelilainisha, nusu imening'inia, nusu nyingine haibanduki bila kung'oa rangi. Mwenye ukuta pengine ni Mwislamu ambaye hakuulizwa kama anataka mlango wake uwe mbao ya matangazo ya mkutano huo. Pengine ni mama yule yule mjane.

Kamati ya mkutano ikiulizwa, hujibu kwamba ujumbe ni mwema, kwamba wanaotangaza ni Neno la Mungu. Kijana wa grafiti naye husema kwamba kazi yake ni nzuri. Majibu haya mawili ni jibu moja. Kila mmoja anataka thamani ya alichoweka ukutani ifute haki ya mwenye ukuta. Tofauti ni kwamba kijana anaweza kupelekwa kituo cha polisi, na kamati haipelekwi. Wala mfano wa Kibera hautatusaidia hapa. Kule mtu aliandika katikati ya moto, akajiweka rehani mwenyewe. Kamati inabandika usiku katika mji ulio salama, kisha inaondoka, na anayebaki na kazi ya kukwangua ni jirani.

Hapo ndipo tunaona swali la sanaa au uharibifu lilivyotupumbaza. Kwa kuwa tangazo la Injili halidai kuwa sanaa, hakuna aliyefikiri kulihukumu pamoja na grafiti. Likipimwa kwa gharama ya jirani, mara nyingi linazidiwa na mchoro wa kijana, maana mchoro wa kijana angalau ulikuwa na kazi ya mikono ndani yake. Na jirani anayekwangua jina la Yesu ukutani mwake kwa kisu cha jikoni, akilaani, amepokea mahubiri, ila siyo yale tuliyokusudia.

La kufanya

Isaya, sura ya 49, ina maneno ambayo mara nyingi tunayatumia kuwafariji wafiwa. Mungu anauambia Sayuni kwamba ameuchora katika viganja vya mikono yake, na kwamba kuta zake ziko mbele zake daima. Yuko Mchoraji hapo, na ziko kuta. Lakini angalia alipochora. Kuta za mji amezitazama tu. Mchoro ameuweka katika mwili wake mwenyewe. Sisi tunaoamini kwamba viganja hivyo baadaye vilipigwa misumari tunajua gharama ya mchoro ule ilikwenda kwa nani. Tukitafuta kipimo cha Kikristo cha kuhukumia maandishi ya ukutani, tunadhani kiko hapo.

Basi mambo matatu yanawezekana hata katika usharika mdogo. La kwanza, mabaraza ya wazee yawape vijana wachoraji ukuta. Karibu kila usharika una uzio mrefu wa tofali ambao hausemi lolote kwa barabara. Wapewe kwa maandishi, wapewe na fedha ya rangi, watie majina yao, na wazee wasiwalazimishe kuchora njiwa na msalaba peke yake. Wapo kati yao wanaojua kuchora foleni ya zahanati, na mama anayesubiri zamu humo ni jambo la imani.

La pili, kijana aliyechora ukuta wa mtu asiishie kuombewa. Zakayo hakutoa machozi tu; alihesabu na kurudisha. Kijana aende na mzazi wake kwa mwenye ukuta, apeleke rangi, apake kwa mkono wake. Yawezekana mwenye ukuta, baada ya kuona mkono ule unavyofanya kazi, akampa upande mwingine achore kwa malipo. Yawezekana pia asimpe kitu. Deni litakuwa limelipwa kwa vyovyote.

La tatu linazihusu kamati zetu za mikutano. Kila bajeti ya mkutano iwe na mstari wa fedha ya kubandua. Tangazo lisiwekwe kwenye ukuta wa mtu kabla mtu huyo hajagongewa hodi na kukubali, na majina ya waliokubali yaandikwe kwenye daftari. Siku inayofuata baada ya mkutano kufungwa, wana kwaya na wazee watoke na ndoo za maji na vikwangulio, waanze na ukuta wa jirani ambaye si wa imani yetu. Wakimaliza hapo, wakiwa bado wameshika ndoo, ndipo wanaweza kuzungumza na vijana wa mtaani juu ya mali ya watu.